Gerishom Kaingu Kitsao, Mtu wa Sarafu za Kirumi

Ndugu, wakwe, majirani na waumini wenzetu mliofika Matsangoni leo Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1988: walio juani wasogee kwenye turubali, walio na watoto wawapakate, tusikilize habari za huyu tunayemzika. Zimeandikwa na dada yake Jedida, mfanyabiashara wa soko la Kilifi. Mjane amesomewa kwanza, naye amezikubali zote, ila pahali pamoja aliomba paongezwe maneno, yakaongezwa.

Gerishom Kaingu Kitsao alizaliwa hapa hapa Matsangoni, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kitsao wa Kaingu na marehemu Mama Kadzo. Kitambulisho chake chasema tarehe 1 Januari 1921, lakini tarehe hiyo alipewa na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Mama yake alisema alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, na mama ndiye aliyekuwapo. Wadogo waliomfuata walikufa wangali wachanga, hata alipokuja kuzaliwa Jedida, yeye alikuwa keshazoea kucheza peke yake. Alikuwa mtoto wa kuokota. Mvua ikinyesha wenzake walikimbilia embe zilizoanguka. Yeye alikwenda kutafuta vigae vya bakuli za watu wa kale vilivyofukuliwa na maji, akavipanga ukutani, akavikalia chonjo asije mtu akavikanyaga. Hakuna aliyevitaka.

Alisoma shule ya misheni tangu mwaka 1931 mpaka darasa la nne, akabatizwa mwaka 1933 kwa jina la Gerishom. Alijua kusoma vizuri na hati yake ilikuwa nzuri. Kisha baba yake aliona kwamba minazi inahitaji mkwezi kuliko ubao unavyohitaji mwanafunzi, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1941 alijiandikisha Paionia, kikosi cha Waafrika wa kuchimba na kubeba, akapelekwa Misri, na kutoka Misri pwani ya Libya. Hakupiga risasi hata moja vita vyote. Alichimba. Siku moja walipokuwa wakichimba choo cha maofisa, sururu yake iligonga chungu, na ndani ya chungu mlikuwamo vipande vya shaba vilivyogandana kama ukoko wa wali. Sajini akavitazama, akasema ni takataka za Warumi, endeleeni kuchimba. Wenzake waligawana, wakavichezea kamari siku chache, wakavichoka kwa kuwa havikununua chochote. Gerishom akavikusanya vyote kwa kuwapa mgao wake wa sigara, maana hakuvuta. Kwa maoni ya dada yake, hiyo ndiyo biashara pekee aliyowahi kufanya akaondoka na alichokitaka.

Alirudi mwaka 1946 na blanketi, buti, na soksi iliyojaa. Mama yake alipoushika uzito wa ile soksi alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja. Alipoimimina mkekani, kigelegele kilikatika.

"Hizi ni pesa gani, mwanangu?"

"Za Warumi, mama. Wale wa kwenye Biblia."

"Na duka lao liko wapi?"

Alifanya kazi ya karani wa mizani katika shamba la mkonge karibu na Kilifi mpaka mwaka 1968, na mwaka uliofuata akahamia kwenye chumvi kule Gongoni, akapima chumvi mpaka alipostaafu mwezi wa Desemba 1983. Mizani yake haikuwahi kulalamikiwa, si na waajiri, si na vibarua, na waliopo hapa waliowahi kufanya kazi na mizani wanajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu.

Alifunga ndoa na Easter binti Karisa siku ya Jumamosi, tarehe 23 Aprili 1949, katika wiki ya Pasaka. Mungu aliwajalia watoto watatu, Kitsao, Sidi na Kadzo. Ndoa yao ilikuwa ndefu, lakini siku walizokaa pamoja zilikuwa chache. Mume alikuwa kazini, kwanza Kilifi, kisha Gongoni. Mke alikuwa hapa na watoto, kuku na kanisa. Mwisho wa mwezi mume alikuja na mfuko wa chumvi, akala, akalala, akauliza habari za shule, akaondoka. Easter naye alijipatia heshima yake. Wanawake wa kanisa walimkabidhi vyombo vya shaba, vinara, msalaba na sahani ya sadaka, na kila mara kabla ya ushirika alivisugua kwa ndimu na majivu mpaka mtu akaweza kujikagua meno ndani yake. Ukitaka kujua mkono wa Easter, tazama madhabahu ya kanisa letu.

Kule Gongoni Gerishom alikaa chumba kimoja cha kampuni kwa miaka yote hiyo. Jioni wenzake walicheza bao na karata. Yeye alitandika kitambaa chake cha marekani, alichokishona vijifuko vidogo vidogo, sarafu moja kila kijifuko, akazitoa moja moja akazitazama. Alikuwa amezipa majina kwa sura zilizokuwa juu yake. Palikuwa na Mwenye Shingo, mtu aliyeonekana kula akashiba. Palikuwa na Mzee Ndevu. Palikuwa na Bibi wa Kifundo, mwanamke aliyefunga nywele utosini kama ngata ndogo ya kubebea mtungi. Mara nyingine aliwaita wenzake. "Njooni muone." Walikuja, wakageuza sarafu mara moja, wakasema, "Eee," wakarudi kwenye karata.

Waitaliano walipoanza kujaa Malindi, Gerishom aliona nafasi. Alizoea kwenda huko Jumamosi, akasimama nje ya lango la hoteli na jogoo mkononi. Alimwomba mlinzi awaambie wageni kwamba yuko mzee anayetaka sarafu za babu zao, zile za zamani kabisa, na atakayemletea msimu ujao atapata kuku. Wageni walicheka, lakini wengine walileta kweli, kwa kuwa kwao sarafu chakavu kama hizo si kitu cha ajabu. Siku moja dada yake, aliyekuwa amekuja kuuza leso, alimkuta akimkabidhi mama mmoja wa Kiitaliano jogoo mwenye mkia kama bendera.

"Kaka, huyo jogoo wampa kwa nini?"

"Kwa hii."

"Hii? Hii si imekatika ukingo?"

"Imekatika."

"Na jogoo amekatika nini?"

Yule mama wa Kiitaliano alimchukua jogoo akampiga picha, akamwachia palepale langoni, na ilibidi Gerishom amkimbize yule jogoo barabarani ili amrudishie yule mama, kwa sababu alisema wamekwisha patana. Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa biashara hawezi kumwelewa, lakini angependa kuuziana naye kila siku.

Mwaka 1978 ndipo alipompata mwenzake. Alikuwa Mzee Ettore, Mwitaliano aliyekuwa na duka la dawa kwao, akastaafu, akafiwa na mke, akanunua nyumba ndogo Malindi. Alimwona Gerishom pale langoni, akaomba aone kitambaa, akakaa nacho barazani kwake mpaka jua likageuka. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ilikuwa yao. Mzee Ettore alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, na Gerishom hakuwa na Kiitaliano chochote. Walikaa kitako muda mrefu bila neno, mpishi akadhani wamegombana. Kisha mmoja akasema, "Ah!" na mwingine akainama kuona.

Mzee Ettore ndiye aliyemfundisha kwamba sarafu haikaziwi macho kama askari anavyokazia kitambulisho. Hulazwa kiganjani karibu na dirisha, mwanga ukaipitia ubavuni, na mtu akangoja. Ukingoja vizuri, sura inakuja. Na isisuguliwe kamwe, kwa sababu lile ganda la kijani ndilo ngozi yake, na sura iliyobaki imo ndani ya ngozi. Alimwambia pia majina. Bibi wa Kifundo alikuwa Faustina, mke wa mfalme. Alifariki, na mumewe akaendelea kupiga sarafu zenye sura yake miaka na miaka, ikawa mtu akienda sokoni kununua vitunguu anamshika mke wa mfalme aliyekwisha zikwa. Gerishom alilipenda sana jambo hilo. Alimsimulia dada yake zaidi ya mara moja, na kila mara dada yake aliuliza vitunguu vilikuwa bei gani.

Mwishoni mwa mwaka 1983 Mzee Ettore aliugua, na binti yake akaja kumchukua. Gerishom alikwenda kumuaga. Mzee alikuwa kitini, masanduku yamefungwa, na hakuulizia nyumba wala bustani. Aliuliza, "Sasa wewe angalia na nani?"

Gerishom akamjibu, "Nastaafu mwezi huu. Nyumbani kuna watu."

Alirudi Matsangoni akiamini hivyo. Lakini mtu aliyekaa mbali miaka thelathini na kitu hurudi nyumbani kama mpangaji mpya. Hakujua kiti kipi ni cha nani wala kuku yupi ni wa jirani. Watoto walikuwa wamekwenda kwao, Kitsao Mombasa bandarini, wasichana kwa waume zao. Easter alikuwa na kazi zake na wenzake. Jioni Gerishom alitandika kitambaa barazani, akaita wapitao. Kila aliyepita alikuja, na kila aliyekuja aliuliza kiasi gani. Dada yake aliuliza pia.

"Kaka, moja kama hii yapata ngapi?"

"Haipati kitu."

"Basi ya nini?"

"Itazame."

"Nimeitazama."

"Umeutazama mkono wangu, Jedida. Uliona nimeifumbata, ukadhani naficha kitu."

Easter alikuwa akipepeta mchele pembeni. Alisema, "Wifi, mwache. Hao wafalme wake ndio wanaomjua."

Hakuita tena wapitao kwa muda. Kisha mwezi wa Agosti 1984 kasisi wa kanisa letu alipata habari kwamba mzee huyu ana fedha za wakati wa Kaisari. Alikuja mwenyewe, akaomba Gerishom azilete Jumapili ya Mavuno, tarehe 9 Septemba, asimame baada ya mahubiri awaonyeshe watu. Hakuna aliyewahi kumwona Gerishom vile. Alijifulia shati. Alikwenda kanisani kati ya wiki kuchagua dirisha ambalo mwanga wake unaingia kwa ubavu, akaomba meza iwekwe hapo. Alitaka watu waje mmoja mmoja, bila kusukumana, kila mtu apewe moja aangalie mpaka aone. Usiku alimwambia mkewe, "Kanisa zima, Mama Kitsao. Wazee, watoto, wote."

Easter alimsikia vizuri. Na kwa akili zake, na kwa akili za mtu yeyote wa hapa, kitu cha shaba kinachopelekwa mbele za Mungu hakipelekwi na uchafu wake. Siku ya Jumamosi mumewe alipokwenda kunyolewa, alichukua kitambaa pamoja na vinara vya kanisa. Alikamua ndimu, akatia majivu, akatia na chumvi, ile ile ya Gongoni aliyoletewa na mumewe. Alisugua zote. Zilizokuwa na ganda gumu alizisugua kwa kifuu cha nazi. Alizisuuza, akazipangusa kwa kanga yake, akazirudisha kila moja kwenye kijifuko chake, na hakusema kitu, ili mume akafurahie mbele ya watu.

Jumapili ilipofika zamu yake, Gerishom alikwenda pale mezani, akawasalimu waumini, akasema watakayemwona kwanza ni bibi mmoja. Akatia kidole kwenye kijifuko. Alichokitoa kiling'aa kama kifungo kipya. Alikigeuza. Akatoa cha pili, na cha tatu. Vilikuwa laini, vyekundu, vitupu. Mzee mmoja wa viti vya mbele aliuliza, "Vipi, Mzee Kaingu?"

"Hizi si zangu," alisema.

Minong'ono ikaanza, wengine wakamtaja Mwitaliano, wengine wakasema ni watoto wa jirani. Hapo Easter akainuka upande wa wanawake, uso umemchangamka.

"Ni zako, Baba Kitsao! Nimezisugua jana!"

Kanisa lote lilipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele, kasisi akasema hakika zinastahili nyumba ya Bwana, watoto wakatolewa kwenye viti wakaja wakajitazama pua zao kwenye zile sarafu. Dada yake Jedida alikuwapo, naye alipiga makofi. Gerishom alingoja makofi yaishe. Alimtazama mkewe, akasema, "Ahsante, Mama Kitsao," akakunja kitambaa, akarudi kukaa.

Hakumgombeza, siku hiyo wala siku iliyofuata. Easter alijua kosa lake wiki ile ile, kwa sababu alimwona akizilaza dirishani moja moja, akingoja, na hakuna kilichokuja. Alimwendea akamwomba msamaha, naye akasema, "Hapana shida, ulifanya kazi nzuri." Alikuwa mpole kwake kuliko mwanzo. Alimshukuru kwa chai, akamshukuru kwa maji ya kuoga. Dada yake aliona mambo hayo akamwita pembeni.

"Kaka, mtolee maneno, yaishe. Mwanamke anakonda."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie amekuharibia vitu vyako."

"Anajua."

Kitambaa kilipachikwa darini. Gerishom alihamisha kiti chake kutoka barazani, akakiweka nyuma ya nyumba, kikielekea ua wa makuti. Mara moja tu alipanda kwenda Malindi, akafika lango la Mzee Ettore. Palikuwa na wenyeji wapya na mbwa. Mlinzi alimwambia mzee alikufa kwao tangu mwaka uliopita. Gerishom alirudi siku ile ile, akala, akasema samaki alikuwa mzuri. Miaka miwili na zaidi nyumba hii ilikuwa na watu wawili wenye adabu, na aliyewatembelea alitamani kuondoka mapema.

Mwaka 1986 alianza kupungua mwili na kunywa maji mengi. Hospitali walisema ni kisukari. Macho yalikuwa yameanza zamani kufifia. Watu wa Gongoni walisema ni mng'ao wa chumvi, daktari alisema ni sukari. Kufikia mwanzo wa mwaka 1987 hayo yote hayakuwa na maana, maana alikuwa akijua mchana na kivuli tu. Hapo ndipo alipoomba kitambaa kishushwe. Alikaa nacho mapajani, akipapasa.

Alasiri moja aliuliza, "Nani yuko hapo?"

"Ni mimi," alisema Easter. Alikuwa juu ya mbuzi, akikuna nazi.

Gerishom akanyoosha mkono wenye sarafu. "Huyu ni nani?"

"Baba Kitsao, mimi siwajui."

"Sikuulizi jina. Niambie unaona nini."

Easter alijifuta mikono, akaichukua. "Naona shaba."

"Ilaze. Mwanga uje kwa ubavu. Ngoja."

Easter alilaza, akangoja. Nazi ilikuwa juani, kuku wakaijia, hakuwafukuza. "Kuna kama sikio," alisema.

"Sikio tu?"

"Sikio... na shingo. Shingo ya mtu aliyekula akashiba."

Gerishom alicheka. Easter alisema baadaye kwamba aliogopa, kwa kuwa alikuwa amesahau kicheko hicho kinavyosikika.

Tangu alasiri hiyo hawakukosa. Shaba haikuwa tupu kabisa. Mistari ilibaki, hafifu kama alama za kucha kwenye ngozi, na aliyetaka kuiona ilimpasa kuwa na subira kuliko zamani. Easter alikuwa nayo. Hakuona kwa haraka, na hakusema ameona kama hakuona. Dada mtu alipokuja kutoka Kilifi mwezi wa Novemba, na dawa mkononi, alipiga hodi mara tatu. Walikuwa barazani, vichwa vimekutana.

"Hiyo si ndevu, ni kutu," Easter alikuwa akisema.

"Kutu? Kutu si uliimaliza wewe mwenyewe kwa ndimu?"

"Basi ningejua ningemsugua na ndevu zake, ukanyamaza!"

Na wote wawili wakacheka mpaka Gerishom akakohoa. Jedida alikaa kwenye kinu akangoja. Hakukaribishwa chai. Alijipikia.

Jeraha la mguuni lilianza mwezi wa Juni mwaka huu, nalo halikukubali kufunga. Alilazwa hospitali Malindi tarehe 28 Julai. Easter alilala kwa jamaa wa kanisa karibu na hapo, na kila saa ya kutazama wagonjwa alikwenda na sarafu moja aliyoifunga kwenye pindo la leso. Ya mwisho ilikuwa imewashinda. Gerishom aliipapasa, akasema kwa uzito na ukingo wake hii ni Bibi wa Kifundo. Easter aliigeuza huku na huku chini ya taa ya wodi, akasema haoni bibi, haoni kifundo, na hatasema uongo ili kumfurahisha mgonjwa. Jumatatu jioni waliachana hivyo. Gerishom alimwambia, "Taa haifai. Kesho itazame asubuhi, jua likiwa chini, uje uniambie."

Hapa ndipo mjane alipoomba paongezwe. Alituambia kwamba Jumanne, tarehe 9 Agosti, aliamka mapema, akakaa kizingitini kwa mwenyeji wake, akailaza sarafu kiganjani, akangoja. Jua lilipoingia chini ya makuti aliona kwanza mstari wa shingo, kisha kidevu, kisha, juu ya utosi, kifundo chenyewe, nywele zimesukwa zikazungushwa. Alikuwa ni yeye. Easter hakunywa chai. Alikwenda hospitali kwa miguu, karibu akimbie, na njia nzima alikuwa akipanga jinsi atakavyomwambia, kama aanze na kifundo au amfiche kidogo kwanza. Wauguzi walimsimamisha mlangoni. Gerishom alikuwa ameaga dunia alfajiri.

Ameacha mjane, Easter. Watoto, Kitsao, Sidi na Kadzo. Wakwe, wajukuu saba. Na dada mmoja, Jedida. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kasisi, kwaya, akina mama waliopika tangu Jumanne, na wazee wa Gongoni waliokuja na gari la chumvi.

Jambo moja la mwisho, na si la desturi. Baada ya mazishi kutakuwa na chakula, na baada ya chakula watu watatawanyika, kama inavyokuwa. Mjane atakuwa barazani na kitambaa mapajani. Tangu Jumanne ile hajakaa na mtu kuitazama ile sarafu. Hata sisi alitupa maneno tuandike, hakutuonyesha. Aliye na macho mazuri na asiye na haraka, aende akakae naye mpaka jua litakaposhuka, amwombe ile ya Bibi, amwache mjane aanze yeye kusema anachokiona.

Na wewe kaka, Mungu akulaze mahali pema penye watu.